Kiti cha Bi Ghubaisha

Umewahi kuinua zulia la gari lako ukatazama kilichoko chini? Hujawahi. Usione haya. Khuwaidim bin Sahil naye hakuwahi, na yeye ni mtu aliyeishi na magari tangu akiwa na meno ya utotoni. Alizaliwa pembezoni mwa mchanga wa Bidiya, huko Omani, katika kibanda cha makuti ya mtende, na safari yake ya kwanza duniani aliifanya nyuma ya pikapu, mapajani mwa mama yake, kati ya mbuzi na gunia la dagaa wa kulisha ngamia. Alipokua akawa dereva wa lori la maji. Kutwa yumo mchangani akiwapelekea maji watu na mifugo yao, na mgongo wake umelegea kama ngazi iliyotoka misumari.

Mtu wa namna hiyo akiota, huota kiti. Khuwaidim alikuwa na ndoto ya gari kubwa la safu tatu, wanawe wote waenee bila kukaliana magotini, matundu ya kiyoyozi yawe darini mpaka safu ya mwisho, na milango ikifungwa itoe mlio mzito, si ule mlio wa kopo wa pikapu yake. Kila akipitwa na gari la aina hiyo barabarani alilitazama mpaka linapotea, na mkewe Nadhira humtania kwamba, ingekuwa wanawake anawatazama hivyo, wangekuwa wameshaachana zamani.

Ndoto ikageuka haja mama yake alipougua. Figo za Bi Ghubaisha zilichoka, ikabidi apelekwe hospitali ya Ibra kusafishwa damu kila baada ya siku mbili tatu, na chombo kilichokuwepo ni ile pikapu. Barabara yenyewe ni lami, lakini kutoka nyumbani hadi kwenye lami ni mawe na matuta ya mchanga. Bi Ghubaisha, mwanamke mfupi mwenye barakoa jeusi la wanawake wa jangwani na ulimi usio na breki, alivumilia, akavumilia, kisha siku moja alipoteremshwa akakaa kitako palepale kizingitini.

“Madaktari wananisafisha damu,” alisema, “halafu wewe unanikoroga tena njiani. Siendi tena. Niacheni nife nimelala, kama watu.”

Hakuwa akitania. Khuwaidim alimwahidi kwamba atamletea gari litakalombeba kama yai. Akauza ngamia wake wa maziwa, wale aliowalea mwenyewe tangu ndama, akaenda kwa Zahir bin Mayuf.

Zahir alikuwa muuza magari mwenye uwanja kando ya barabara kuu, tena binamu wa Nadhira. Hiyo ndiyo sababu ya kwenda kwake. Kwa nini umfuate mgeni ilhali una ndugu? Zahir hakumwonyesha gari kwanza. Alimkaribisha barazani, akamletea tende, kisha halwa, kisha kahawa, wakaulizana habari za mvua, za malisho, za wagonjwa na za waliokufa. Gari lilikuja mwisho, kama bibi harusi.

Na kweli lilipambwa kama bibi harusi. Jeupe, refu, limesuguliwa mpaka unakiona kilemba chako mlangoni. Ndani viti vya ngozi ya rangi ya tende mbivu, vimevikwa nailoni bado. Safu ya pili ilikuwa na viti viwili vikubwa vyenye mahali pa kulaza mikono. Ukibonyeza kitufe, mgongo unalala na miguu inainuka. Chetezo kilikuwa kimepitishwa humo muda si mrefu, na harufu ya udi ilikuwa nzito kiasi kwamba Khuwaidim alihisi ameingia nyumbani mwa mtu mwenye mali. Alifunga mlango. Ulitoa ule mlio. Akaufungua, akaufunga tena.

Alitaka kuinama atazame chini. Mkono wake ulishashika pindo la kanzu ili apige magoti. Lakini ladha ya kahawa ya Zahir ilikuwa bado mdomoni mwake, na mtu hanywi kahawa ya jamaa yake kisha akatambaa chini ya gari lake akichungulia kama mpelelezi. Hiyo ni kumwita mwizi nyumbani kwake. Khuwaidim aliachia pindo la kanzu. Wakapeana mikono.

Nyumbani watoto walipigania safu ya nyuma hadi Nadhira akaingilia kati kwa ndara. Ikapitishwa sheria kwamba nailoni haitolewi, na hakiliwi kitu humo ndani, hata mkate. Bi Ghubaisha aliwekwa kwenye kiti cha safu ya pili, upande wa kulia, akafungwa mkanda, akainuliwa miguu. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alilala njia nzima ya kwenda Ibra. Khuwaidim alimtazama katika kioo, mdomo wazi chini ya barakoa, akikoroma taratibu, na macho yakamlengalenga.

Waliporudi hakulalamika, na kwa Bi Ghubaisha kutolalamika ni kusifu. Alisema neno moja tu, kwamba gari lile linanuka pwani.

“Ni udi huo, Mama.”

“Udi naujua kabla hujazaliwa. Chini ya udi kuna pwani.”

Khuwaidim alicheka. Mama yake alikulia ufukweni akianika dagaa, na wazee, alijisemea, hunusa utoto wao kila mahali.

Basi ikawa siku ya safari ya nne au ya tano. Asubuhi, jua limeshapanda, wako kwenye lami, Nadhira mbele na Bi Ghubaisha nyuma kwenye kiti chake. Ngamia akakatiza njia, kwa ule mwendo wao wa kudharau kila mtu. Khuwaidim hakuwa katika kasi kubwa. Alikanyaga breki kama alivyokanyaga maelfu ya mara maishani, gari likasimama vizuri, mbali na ngamia. Kilichokuwa nyuma yake ndicho hakikusimama.

Kiti kilikuja. Kiti kizima, na mama yake juu yake, na mkanda wake kifuani, kiling'oka sakafuni kikaja mbele kikajigonga kwenye mgongo wa kiti cha mbele. Khuwaidim aligeuka akamwona mama yake magoti yamebanwa, barakoa limekwenda upande, mikono bado imekamata pale pa kulaza mikono kama mtu aliyepanda ngamia mwenye wazimu. Mkanda ulikuwa umemshika barabara, lakini mkanda wenyewe ulikuwa umeshika kiti kisichoshikwa na kitu.

Walimtoa polepole. Hakuvunjika. Walimkalisha kando ya barabara, kwenye kivuli cha gari, na Khuwaidim akarudi ndani akapiga magoti. Safari hii hapakuwa na kahawa ya kumzuia.

Aliivuta nailoni. Akaliinua zulia. Chini yake palikuwa na udongo wa kijivu, umekauka ukapasuka vigae vigae, na ndani ya udongo mlikuwa na majani ya baharini na magamba madogo ya konokono. Konokono, ndani ya gari la familia. Boliti za kiti zilikuwa zimeliwa na chumvi. Alishika kipande kimoja kwa vidole viwili kikamumunyuka kama biskuti iliyolowa. Akaenda mbele, akabandua kifuniko cha dashibodi mahali panapokaa mfuko wa hewa wa kumkinga abiria ajali ikitokea. Mfuko haukuwepo. Palikuwa na taulo kuukuu, limekunjwa vizuri, limegandishwa kwa gundi.

Akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimtia baridi katika lile joto. Gari hili lilikuwa limezama. Mahali fulani ng'ambo, tufani ilipandisha bahari hadi barabarani, watu wakalitupa, mwingine akalipakia melini, na mwingine akalivisha ngozi mpya na kulifukiza udi. Kila mikono iliyolipitia ilijua. Aliyepima lile taulo ili lienee ni mtu, ana mama, huenda alilikunja huku akiimba. Uzuri wa mkakasi, wamesema wahenga, ndani kipande cha mti. Lakini huu ndani haukuwa na hata huo mti.

“Nirudishe kwenye mkeka wangu,” alisema Bi Ghubaisha. “Sitaki daktari, sitaki gari. Na ukileta jingine, panda mwenyewe.”

Siku hiyo hakusafishwa damu. Ilipofika alasiri miguu yake ilikuwa imevimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Nadhira alimwonyesha mumewe lile shimo, kisha akasema kwamba Zahir ni damu yake, na kwamba kama yeye Khuwaidim haendi, atakwenda mwenyewe.

Khuwaidim aliliendesha lile gari hadi barazani kwa Zahir, peke yake. Palikuwa na wageni, watu wazima wenye majambia, wamekaa kwa kuegemea mito. Alisalimia mmoja mmoja, akakaa. Dele, birika la kahawa, likapita, akamiminiwa. Aliipokea kwa mkono wa kulia, akaiweka chini mbele yake bila kuionja.

Mazungumzo yakafa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mgeni akiweka kikombe chini kimejaa, ana haja kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba hana heshima mbele ya watu mpaka aseme neno.

“Kunywa kahawa yako, bin Sahil,” alisema Zahir.

“Nitakunywa.”

“Basi kunywa, ndugu yangu. Haja yako imekubaliwa, hata sijaijua.”

Lakini aliijua. Alisimama haraka, akamshika Khuwaidim bega, akamtoa nje kabla haja yenyewe haijasikika, na nje hakubisha neno hata moja. Kutobisha huko ndiko kulikomshtua Khuwaidim kuliko konokono. Alikuja na hoja zake zote, na taulo mfukoni, akajiandaa kukabili kiapo cha uongo; Zahir hakuapa. Alimpeleka uani kwenye gari jingine la aina ileile, safi, la nyumbani kwake.

“La mke wangu hili. Inama, tazama utakapo. Chukua. Mama yako ni mama yangu.”

Khuwaidim aliinama kweli. Aliinua mazulia yote, akatikisa viti vyote, akapitisha kidole kwenye boliti zilizokuwa ziking'aa. Gari lilikuwa zima kama siku lililotoka kiwandani.

“Na lile?” aliuliza.

“Lile niachie mimi. Tumemaliza?”

Aliweza kuuliza tena. Niachie mimi ulifanye nini? Swali lilikuwa pale ulimini. Lakini aliiona miguu ya mama yake, na lile shimo la kidole lisilorudi. Akaingia barazani, akakiinua kikombe, kahawa imeshapoa, akakinywa chote. Wageni wakamshukuru Mungu kwa mapatano ya ndugu. Na kila mtu pale alijua, Khuwaidim kuliko wote, kwamba neno lililokatwa juu ya kahawa halisemwi tena nje.

Jioni hiyo alimbembeleza mama yake. Bi Ghubaisha alitaka kwanza kukiona kiti. Alikitikisa mwenyewe kwa mikono miwili, kama anayetikisa jino, kisha akaamuru Nadhira apande na mumewe akanyage breki huku na huku uani, mpaka kuku wakahama. Mwisho akasema atakwenda.

Asubuhi iliyofuata waliondoka mapema. Kiti hakikusogea hata unywele. Matuta ya mchanga yalipita chini yao kama mtu anavyobebwa usingizini, na Bi Ghubaisha alinyoosha miguu yake iliyovimba akaanza kuwasema majirani, dalili njema. Walipofika penye duka la mikate, kando ya barabara kuu, Khuwaidim alisimama kununua mkate. Hakuteremka.

Lile gari jeupe lilikuwa mbele ya duka. Limeoshwa. Moshi wa udi ulikuwa ukitoka madirishani polepole. Kibarua wa Zahir alisimama na dele mkononi, akimmiminia kahawa mwanamume mmoja wa milimani aliyevaa kanzu safi, na mlango wa safu ya pili ulikuwa wazi. Mama wa mtu huyo, bibi kizee, alikuwa akipandishwa kwenye kiti cha kulia, juu ya nailoni mpya.

Khuwaidim alishika usukani kwa mikono miwili. Ndani ya gari zima, la kimya, lenye baridi nzuri, alisikia mama yake akiacha kusema.

“Lile si letu?”

Khuwaidim aligeuzia uso upande wa barabara.

“Khuwaidim. Jana ulikunywa?”

“Nilikunywa, Mama.”

“Na hiki nilichokalia mimi, ndiyo bei ya kunywa kwako?”

Nadhira aliinamisha uso. Khuwaidim alisema kwamba neno limeshapita, kwamba Zahir anaweza kulidai gari hili saa hiyohiyo, kwamba hospitali inawangoja. Yote yalikuwa kweli. Bi Ghubaisha alikuwa ameshafungua mkanda.

“Basi nyamaza wewe uliyekunywa,” alisema. “Mimi sijapewa hata tende.”

Aliteremka mwenyewe. Alikwenda kwa ile miguu yake mizito, akiukamata ubavu wa gari, kisha ukuta wa duka, kisha mlango wa gari jeupe. Kibarua wa Zahir alimwambia kwa adabu kwamba haya ni maafikiano ya wanaume, Mama, rudi ukapumzike. Hakumtazama. Alimsalimia yule bibi kizee, akaingiza mkono chini ya miguu yake, akalichomoa zulia kwa nguvu ambazo Khuwaidim hakujua kwamba anazo bado, akarudi na konzi imejaa. Akamshika mkono yule mtu wa milimani, akaufungua, akamimina udongo wa kijivu kiganjani mwake, karibu na kikombe alichokuwa hajakinywa.

Yule mtu aliunusa. Akakiweka kikombe chini, lamini. Kisha akamnyooshea mama yake mkono ashuke.