Printa Niliyoachiwa

Mume wangu alipofariki, kaka yake alichukua duka letu la steshenari pale Himo na kompyuta zote nzuri. Mimi nikaachiwa printa na kompyuta moja kuukuu ambayo alishaifuta kila kitu. Kwenye kikao cha ukoo akasema mbele ya wazee, "Hela ya kununua Windows hana. Atarudi kunipigia magoti." Wazee wakaendelea na pombe yao ya mbege. Nikahamia Pasua na wanangu, nimeapa kwamba nitachapa hata kwa meno.

Mfumo wa kuendeshea kompyuta niliupata bure, CD ya Linux kutoka intaneti kafe mjini. Ukaingia vizuri, ila printa haikutambulika. Nikafungua mipangilio, nikakuta orodha ndefu ya draiva, zile programu zinazoiwezesha kompyuta kusema na printa. Modeli yangu haikuwamo. Nikachagua yenye namba inayokaribiana, nikaamuru ichape. Printa ikatapika karatasi zenye alama zisizosomeka, moja baada ya nyingine, hadi nikachomoa waya ukutani. Nililia kwa hasira, wala si kwa huzuni. Kwenye kila karatasi iliyoharibika nilimwona shemeji akicheka.

Nikarudi intaneti kafe, nikasoma hadi macho yakauma. Kumbe printa yangu ilitaka draiva ya modeli ya zamani zaidi, si ya namba jirani. Nikabadilisha. Ukurasa wa majaribio ukatoka safi, rangi zote mahali pake. Nikapiga vigelegele peke yangu, jirani akaja kuuliza nani kajifungua.

Desemba watu wakapanda kwao mlimani kufanya harusi zao. Shemeji alikuwa anamwoza binti yake huko Masama, na kompyuta zake zimeliwa na virusi kutoka kwenye flashi za wateja. Mjini kila mchapaji amejaa kazi. Akaja kwangu na mzee wa ukoo, ameshika jani la isale. Kwetu ukiletewa isale unasamehe, utake usitake, maana kukataa ni kujiitia laana. Alilijua hilo, mjanja yule.

"Shikamoo baba," nikamwamkia mzee.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kuomba yaishe."

"Yameisha," nikasema, nikapokea jani.

"Basi shemeji, tunaomba utuchapie na ratiba ya misa," akadakia yeye, hana hata haya.

Nikachapa. Isale lilinizuia kukataa, halikunizuia kutia saini. Kila mchapaji huweka jina lake chini ya ukurasa wa mwisho, nami nikaweka langu: "Imechapwa Pasua, na mjane aliyenyang'anywa duka na baba wa bibi harusi." Shemeji alikagua ukurasa wa kwanza tu, akaondoka na boksi lake akishukuru.

Siku ya harusi niliwahi kanisani, nikachagua benchi la nyuma kabisa, ili niwaone wote wakifika ukurasa wa mwisho.