Kifungo cheupe cha koti la babu

Siku hizi Gisenyi hakuna mwenye akili anayetembea na bunduki ya kuwindia, askari walivyojaa mpakani. Ndiyo maana juzi mzee mmoja wa Mudende alimleta mjukuu wake, binti mdogo, kwa fundi baiskeli sokoni, nilikokuwa nikisubiri baiskeli yangu, atengenezewe manati ya kuwindia kwale. Ilibaki kuchagua tu alama ya kulengea, ya kufungwa kwenye panda ya manati.

Fundi alitoa shanga ndogo nyekundu. Mzee akaisogeza mbali, akafinya jicho.

"Hapana. Hii haiko inaonekana." Akang'oa kifungo kikubwa cheupe kwenye koti lake, akasema, "Bon, funga hii."

Binti alijaribu kulenga, kisha akamnong'oneza fundi, "Inafunika ndege yote." Fundi aliponyoosha mkono akitoe, binti akauzuia. "Acha. Babu ameharibu koti yake kwa sababu yangu."

Nje, binti alilenga kopo kwa macho yote mawili, akitazama juu kabisa ya kifungo. Kopo likaruka.

"Uliona?" mzee akamwambia fundi, koti likiwa wazi kifuani. "Ni kifungo!"

"Ni kifungo, Babu. Aksanti," binti akasema.

Mimi nimewachagulia wanangu viatu, shule, hata marafiki, na wote huniambia aksanti. Tangu juzi aksanti hiyo inaninyima usingizi.