Mzazi Haachwi Peke Yake

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, niliamini kwamba kila mwanamke aliyejifungua ana kaburi lake mahali fulani, limechimbwa tayari na linamngoja. Aliyeniambia alikuwa Bibi Salima, mama yake mama, aliyenilea kule Salale, kijijini kwetu kwenye delta, wakati wazazi wangu wakilima Mbwara.

"Kaburi la mzazi liko wazi siku arobaini," alikuwa akisema. "Zikiisha, linajifukia lenyewe. Kabla ya hapo mzazi haachwi peke yake, hata kwa kufumba na kufumbua."

Siku hizi wanawake wenzangu hapa Kibiti wakiyasikia maneno hayo hucheka, wakasema ni ya kuwatisha wasichana. Mimi nayaheshimu, kwa sababu niliwahi kuyaona yakitimia, au nusura yatimie.

Mwaka huo mama mdogo Zuhura, mdogo wake mama, alikuja kwa Bibi kusubiri kujifungua mimba yake ya kwanza. Mumewe, baba mdogo Shabani, alikuwa mvuvi wa kamba, mpole, mwenye boti ya mashine aliyoipenda kama ndugu. Zuhura alijifungua salama pale zahanati, mtoto wa kiume mwenye nywele nyingi. Siku ya kuruhusiwa, Sista Tumaini, nesi aliyetoka Iringa na kuizoea delta yetu kuliko sisi tulivyomtarajia, alimwambia Bibi amrudishe baada ya siku chache apimwe tena presha, maana mwishoni mwa mimba ilikuwa imepanda na miguu ilivimba.

Bibi aliitikia kwa adabu. Lakini mzazi wa kwetu hatoki nje kabla ya arobaini, na Bibi hakuona kwa nini atolewe kwa ajili ya kufungwa kitambaa mkononi. Hivyo Zuhura hakurudi zahanati. Akabaki ndani, akikandwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga, kisu kikiwa chini ya mto wake kumkinga na majini.

Bibi alipokwenda kisimani au shambani, zamu ilikuwa yangu. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa tu.

"Na umzungumzishe," Bibi alinionya. "Jini humpenda mzazi aliyenyamaza. Mtu anayezungumza hachukuliwi."

Mwanzoni nilinuna. Wenzangu walikuwa mashambani wakiamia ndege wasile mpunga, nawasikia wakipiga madebe na kuimba, nami nimefungiwa chumba chenye harufu ya ubani. Lakini Zuhura hakuwa mtu wa kumchosha mtoto. Alinisimulia mambo ambayo watu wazima hawawasimulii watoto: jinsi Shabani alivyotuma posa akakimbilia baharini asisikie jibu, na jinsi wifi yake alivyokaanga maandazi ya harusi kwa unga uliochanganyika na dagaa. Tulicheka mpaka mtoto anashtuka.

Wiki ya pili ilipokuwa ikienda kuisha, akaanza kulalamika kichwa.

"Mama, kinanigonga kama mtu anatwanga ndani."

Bibi akamfunga kanga kichwani, akasema ni usingizi wa kukatwakatwa na mtoto. Asubuhi yake mwanga ulimuumiza macho, akaniomba nishushe pazia la mlango. Bibi akaenda kisimani. Nilimletea uji, akaanza kunipa tena kisa cha wifi yake na yale maandazi, maana nilikuwa nakidai kila siku.

"Basi wifi akaja na sinia," alisema. "Akaja na... akaja na..."

Kisha yakatoka maneno ambayo si maneno. Nikacheka, nikidhani ananichezea. Bakuli likamponyoka mkono wa kulia, uji ukamwagika mkekani. Nilipomtazama usoni nikaona upande mmoja wa mdomo umelegea na kushuka, na jicho linaniangalia kwa woga, linajua kuna kitu lakini halina njia ya kukisema.

Nikajua kaburi ndilo hilo. Sikukimbia, na si kwa ushujaa. Nilikuwa nimeambiwa nisimwache, basi. Nilimsogeza mtoto pembeni, nikapanda kitandani, nikamkumbatia kiuno, nikawa namwita Bibi kupitia dirisha huku nikimwambia Zuhura lolote lililonijia, majina ya kuku wetu, majina ya wanafunzi wenzangu, ili asinyamaziwe.

Bibi alifika pamoja na jirani yetu, Mama Hadija. Mama Hadija alimwona mara moja.

"Amepigwa kofi," alisema. "Huyu ni jini wa mikokoni. Afuatwe mganga ng'ambo, adhuhuri atakuwa hapa."

Bibi alifunua pazia akatazama mtoni. Maji yalikuwa yanatoka. Pale kwetu yakishakupwa, boti inakaa juu ya tope na hakuna pa kwenda mpaka yajae tena.

"Shabani yuko wapi?" aliuliza.

"Bi Salima, usimpeleke hospitali," Mama Hadija alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekupenda. "Akichomwa sindano na jini yumo kichwani, anakufa papo hapo. Unajua hivyo."

Bibi alikuwa anajua hivyo. Sote tulikuwa tunajua hivyo. Alishika mwimo wa mlango.

"Dada yangu Mwanamvua mdomo wake ulikwenda upande hivi hivi, na mtoto wake bado mchanga," alisema. "Tulimfukizia ubani mpaka maji yakapwa. Yalipojaa tulikuwa tunamshonea sanda. Leo nampeleka pamoja na jini wake. Kama ni wake kweli, atapanda boti."

Shabani na vijana wawili walimbeba kwa shuka mpaka zahanati, ambayo ilikuwa karibu na bandari yetu ndogo. Sista Tumaini akampima presha, akapima tena mkono wa pili, uso wake ukabadilika.

"Hiki ni kiharusi," alisema. "Kimeletwa na presha ya uzazi. Nani alikuwa naye? Kimeanza usingizini au alikuwa macho?"

Nikasema, "Alikuwa anazungumza na mimi. Uji ulikuwa bado unatoka mvuke."

Akachuchumaa mbele yangu. "Alikuwa anazungumza sawasawa?"

"Sawasawa. Ananipa kisa. Halafu maneno yakaharibika, bakuli likaanguka."

"Basi ni sasa hivi tu," alisema, na nikaona jambo hilo limempa nguvu. Alipiga simu hospitali ya Kibiti akaomba gari liwasubiri bandarini Nyamisati, akaeleza yote niliyomwambia. Kisha akamchoma sindano ya kwanza palepale. Mama Hadija aligeuza uso. Zuhura hakufa.

Waliondoka, Sista Tumaini na Bibi wakiwa wamempakata, Shabani akisukuma boti kwa pondo kwa sababu mashine ilikuwa inakoroga tope. Mimi na Mama Hadija tulibaki ufukweni, yeye akiwa amembeba mtoto. Nilidhani atakuwa amekasirika. Alinishika mkono, akanipeleka kwake, akanipikia wali wa nazi, kisha akakaa kwenye mkeka akasoma Yasini mpaka Shabani alipotupigia simu: wamefika Kibiti, wanapelekwa Dar es Salaam, yuko hai.

Madaktari walimweleza Shabani, naye akatueleza sisi, kwamba mwanamke akishajifungua presha inaweza kupanda akiwa nyumbani, mtoto ananyonya, watu wanapongezana. Damu nayo wakati huo huganda kwa urahisi kuliko kawaida. Kichwa kikali kisichokoma, macho kuogopa mwanga au kuona ukungu, hayo si ya kufungiwa kanga.

Zuhura alirudi wakati wa mavuno. Alitembea akiburuta kidogo mguu wa kulia, na mkono wa upande huo ulikuwa mzito. Mtoto alikuwa amenenepa kwa maziwa ya kopo. Watu walijaa uani.

"Na jini je, Bi Salima?" Mama Hadija aliuliza.

"Kashukia Kibiti," Bibi akasema, na uwanja mzima ukacheka, Zuhura pia, kwa ule mdomo wake ambao sasa ulikuwa umekaribia kunyooka. Jioni hiyo Bibi alichoma ubani nyumba nzima. Hakuacha kuamini majini mpaka anafariki.

Sista Tumaini naye alikuja. Hakumlaumu mtu. Alimwambia Bibi, "Mama, msiache kukaa na mzazi. Ila kama hawezi kutoka nje, mimi nitaingia ndani." Tangu hapo akawa anazunguka majumbani na kipimo chake, na Bibi ndiye aliyemtangulia hodi kwa hodi, akiwaambia wenye nyumba wampishe mkeka.

Nimeyafikiria mambo haya mara nyingi, hasa nilipozaa watoto wangu. Desturi yetu ilikaribia kumuua Zuhura kwa kumfungia ndani, na desturi hiyo hiyo ikamwokoa kwa kuweka mtu kando yake. Siwezi kuichukua nusu nikaitukana nusu. Bibi hakujua presha ni nini, lakini wazee waliomfundisha walikuwa wamezika wanawake wengi waliodhaniwa wameshavuka. Walichokiona ndicho walichokisema, kwa lugha waliyokuwa nayo.

Nilipojifungua mwanangu wa pili, mama mdogo Zuhura alipanda boti akaja Kibiti kukaa nami. Nilikwenda kupimwa presha kila nilipoambiwa, yeye akiwa pembeni yangu kwenye benchi. Nyumbani alipika, akaogesha mtoto kwa mkono wa kushoto, akanipa visa vipya vya wifi yake. Hata leo kuna maneno yanamkimbia. Katikati ya kisa husimama, akatazama juu, analitafuta moja. Mume wangu siku za mwanzo alikuwa akimsaidia kulitaja. Nikamwambia asifanye hivyo. Tunakaa kimya, tunangoja, na akishalipata analisema kwa sauti, kisa kinaendelea.