Siku Tuliyoyaita Majina Shambani

Mdogo wangu wa mwisho alikaa siku tisa bila jina, na kosa halikuwa lake. Ilikuwa enzi za Mwingereza, kijijini kwetu Goweko, nami nilikuwa na miaka kama kumi, mkubwa kati ya watoto watano pamoja na huyo mgeni.

Baba alikuwa mkulima, lakini alisoma misheni, na ukutani alitundika kalenda ya mapadri yenye jina la mtakatifu kwa kila siku. Mtoto alipozaliwa alikwenda moja kwa moja kwenye kalenda. Jina alilolikuta lilikuwa refu, la Kilatini, naye alilitamka amenyoosha shingo.

"Hilo ndilo jina zuri," alisema. "Likisomwa kanisani, watu watageuka."

Siku chache baadaye shangazi, dada yake baba, akashuka kwenye treni kutoka Tabora na jina lake mkononi. Aliishi Cheyo, mtaa wa Tabora, na kule mjini masikio yake yalikuwa yamezoea majina laini ya Waarabu na Waswahili.

"Jina la mtoto wa kike liwe kama udi," alituambia. "Likiitwa, nyumba nzima inukie."

Kazi ilikuwa kwa Bibi, mama yao. Masikio yake yalikuwa yamechoka. Baba alipomtajia lile la Kilatini, Bibi aliuliza nani anaumwa kiuno. Shangazi alipomtajia la kwake, akajibu kwamba asante, ameshakula.

Tulicheka, naye akatukunjia uso. "Jina nisilolisikia, nitamwitaje mjukuu wangu? Kesho nendeni mwisho wa shamba la mtama, mimi nitakaa hapa uani. Yaiteni. Nitakalolisikia, ndilo."

Kesho yake jioni tukaenda sote, maana nani angekosa nafasi ya kupiga kelele kwa ruhusa? Mtama ulikuwa umeshavunwa, yamebaki mabua tu. Bibi alikaa na ungo wake, anapepeta, ametupa mgongo makusudi.

Baba akatangulia. Akaweka viganja mdomoni na kuita. Jina lilianza vizuri, likakatika katikati, na mwisho wake ukamezwa na upepo. Bibi aliendelea kupepeta. Aliita mara ya pili na ya tatu, mishipa imemtoka shingoni, hadi yeye mwenyewe akashindwa kujizuia, akachuchumaa anacheka.

Shangazi akajifunga kanga vizuri na kuita la kwake. Lilikuwa tamu kweli, lakini halikufika mbali. Ng'ombe mmoja wa jirani aliinua kichwa.

"Angalau huyo kasikia," baba alisema.

"Basi akaitwe yeye hilo lako la kalenda!" shangazi akamjibu, na tukazidi kucheka.

Tukarudi uani tukihema kwa kicheko, ndipo mama akatokea mlangoni, mtoto kifuani. Kwa siku zote hizo hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote. Hakupiga kelele. Alimwinamia mtoto akicheka, akamwita kwa jina fupi la Kinyamwezi, jina la amani, lenye sauti ya mwisho inayoutanua mdomo kama unatabasamu. Sisi tulilisikia kwa sababu tulikuwa tumenyamaza kuvuta pumzi.

Bibi akaweka ungo chini. "Hilo!" akasema. "Nimelisikia!"

"Mama, kweli?" baba alimuuliza sikioni.

"Mimi ndiye mwenye masikio yangu."

Mama alisimama pale mlangoni, machozi na kicheko vyote pamoja. Alitueleza baadaye kwamba alikuwa akimwita mtoto kwa jina hilo tangu akiwa tumboni, kila alipokuwa akisaga, na aliona haya kulisema mbele ya wakubwa. Shangazi akapiga vigelegele vya kwanza. Baba alikubali, ila lile la Kilatini likaandikwa kwenye kitabu cha ubatizo, na lilipotamkwa kanisani, watu kadhaa waligeuka kweli. Alifurahi wiki nzima.

Lakini mimi jambo moja lilinikera. Kesho yake, baada ya siku ile ya kuita majina, nilikaa karibu na Bibi nikamuuliza sikioni, kwa sauti kubwa, "Bibi, baba alipiga kelele hukusikia. Mama alisema taratibu, ukasikiaje?"

Aliangalia huku na huku, akanivuta sikio taratibu.

"Sikusikia kitu. Niliona nyote mmetazama mlangoni, nikageuka, nikauona uso wa mama yako. Tangu aolewe hapa sijamwona akicheka vile. Jina linalomfanya mtu awe hivyo, nitafute jingine la nini? Na wewe ufunge mdomo wako."

Niliahidi. Kisha akasogea, akanielekezea sikio lake lenye nafuu.

"Haya, sasa niambie. Huyo mtoto anaitwa nani?"

Nikamwambia. Akalikosea, akalikosea tena. Mara ya tatu lilimtoka sawasawa, naye akalirudia peke yake mara nyingi, akitabasamu kwa mapengo yake yote, mpaka mtoto akaamka ndani na kuanza kulia.

"Umesikia?" alisema Bibi, ingawa yeye hakusikia, aliniona tu nikigeukia mlango. "Ananiitikia."