Uzi wa Kiondo na Alama Iliyohama

Kijijini Ndithini, Ukambani, nilikaa msimu mmoja tu, kama ninavyokaa kila mahali. Nilikuwa kibarua wa kupalilia nyanya kwa mama mmoja mjane. Nilimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, na yeye aliniita Wa Barabara, kwa sababu nilifika kwa miguu na begi moja na sikuweza kumwambia ninaelekea wapi.

Shamba lake lilipanda kutoka mtoni kwa matuta. Maji yalisukumwa na injini ya petroli iliyotolewa kwenye pikapu ya zamani na kufungwa kwenye fremu ya chuma pamoja na pampu. Nyanya zilikuwa zimetoa maua injini ilipoanza kuleta matata. Ilichemka, ikagonga kama sufuria inayopigwa kwa kijiko, na maji hayakupita tuta la pili.

Fundi alitoka Machakos mjini mara mbili. Kila mara alimulika kwa taa yake ile alama ya kilele cha pistoni iliyochongwa kwenye puli ya mbele, akazungusha distributa, kile kigawa cheche, mpaka alama ikalingana na mshale wa kwenye mwili wa injini, akasema cheche sasa inawaka kwa wakati wake. Kila mara injini ilizidi kuwa mbaya. Alipokuja mara ya tatu, shamba lilikuwa na siku tatu bila maji, na maua yalikuwa yanadondoka ukiyagusa.

“Mwaitu, hii imekufa,” alisema akifunga sanduku lake. “Mwite mtu wa vyuma vikuukuu.”

Mwaitu alikuwa amekaa juu ya mtungi wa plastiki akisuka kiondo. Mikono yake ilisimama.

Mimi niliacha shule darasa la saba, lakini sijawahi kuacha kutaka kujua kitu kimeshikwa na nini. Siku hizo tatu nilikuwa nimeichungulia ile puli sana. Haikuwa chuma kimoja. Ilikuwa na kitovu ndani, ringi nzito nje, na katikati mpira wa kupunguza mtetemo. Mpira ule ulikuwa umepasuka na kutokeza kama unga uliofura. Na alama ilikuwa kwenye ringi ya nje, inayoshikwa na huo mpira peke yake.

“Fundi,” nikasema, “na kama ringi imeteleza? Si alama imehama nayo?”

Alicheka. “Wa jembe amekuwa daktari! Hiyo alama ilipigwa kiwandani, kijana. Wewe ulipigwa wapi?”

“Mpe saa moja,” Mwaitu akasema bila kuinua macho. “Nyanya ni zangu.”

Nilifungua plagi zote ili injini izunguke kwa urahisi. Nikachukua spoki ya baiskeli, nikaikunja ncha ya juu isije ikatumbukia, nikaiingiza kwenye tundu la silinda ya kwanza mpaka ikakaa juu ya pistoni. Nikazungusha kranki, ule mhimili unaosukuma pistoni, kwa spana, polepole. Spoki ikapanda, ikatulia, ikashuka. Tatizo lilikuwa pale inapotulia, maana huwezi kujua kwa macho kilele chenyewe kiko wapi.

Basi nikafunga kipande cha plasta kwenye spoki. Ilipopanda hadi plasta ikafika ukingo wa tundu, nilichora chaki kwenye ringi mbele ya mshale. Nikaendelea kuzungusha upande uleule mpaka spoki ikashuka na plasta ikarudi ukingoni, nikachora tena. Kilele cha kweli lazima kiwe katikati ya chaki mbili. Nikaanza kukisia kwa kidole.

“Asi, hapana!” Mwaitu akasema. “Ukikisia hivyo kiondo kinatoka kimepinda. Sogea.”

Alikata uzi wa mkonge, akaulaza juu ya ringi kutoka chaki hadi chaki, akaukata hapo. Akaukunja katikati, kama anavyokunja nyuzi anapoanza kitako cha kiondo, akaulaza tena kuanzia chaki ya kwanza. Ncha ikaonyesha mahali. Nikachora.

Alama ya kiwandani ilikuwa mbali na hapo, upana wa vidole vitatu.

Fundi aliinama akaichungulia alama mpya. Alininyang'anya spana, akafuta chaki zangu kwa mkono wa shati, akarudia kazi yote kuanzia mwanzo, uzi na yote. Ikatoka palepale.

“Imeteleza,” akasema. “Nimekuwa nikifuata alama ya uongo.”

Alirudisha plagi, akawasha injini na kuweka taimingi ya cheche kwa alama yetu. Ile kugonga ikakatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Mlio ukawa mmoja, mzito, na bomba likakakamaa. Nilitupa chaki nikakimbia kupanda matuta sambamba na maji. La kwanza, la pili, la tatu! Niliyapita, nikayasubiri kwenye tuta la juu kabisa, nikayaona yakiingia kwenye mifereji mikavu yakibeba majani na maua yaliyoanguka.

“Wa Barabara!” Mwaitu alipaza sauti kutoka chini. “Yamefika?”

“Yamefika, Mwaitu! Yananilowesha miguu!”

Kesho yake fundi alileta puli nyingine, maana ile isingekaa muda mrefu. Kabla ya kuifunga alisimama mbele yangu na spana mkononi.

“Haya, fundi,” akaniambia. “Shika upande huo.”