Kidole cha Bibi

Jumamosi ile, saa nne na robo asubuhi, nyumba yetu ya Mbagala ilijaa harufu ya iliki na shira. Nilikuwa kidato cha kwanza. Bibi, mama yake Baba, alikuwa anagaragaza visheti vya harusi ya jirani kwenye karai la shira. Visheti vyake mtaa mzima uliviulizia, ingawa yeye mwenyewe, tangu aambiwe ana kisukari, hakuonja hata kimoja. Kumpima sukari ilikuwa kazi yangu. Nesi wa kliniki alinifundisha vizuri: mnawishe kwanza kwa sabuni, mkaushe, ndipo umchome. Lakini maji yalikuwa uani, na uani walijaa wanawake wa harusi, nami nilikuwaga naona haya kupita mbele za watu. Nikamfuta kidole kwa upindo wa khanga.

"Nichome upesi, mke mwenzangu, visheti havingoji," Bibi akacheka.

Mashine ikaandika kumi na saba. Kicheko kikamkauka. "Ndiyo wali wa jana huo," akasema. Akameza kidonge chake kama kila siku, ila chakula akakigomea ili sukari ishuke. Mie nilikiwaza kile kidole, nikaifunika mashine.

Saa tisa alasiri alilowa jasho, akatetemeka, akawa ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa. Baba akamnawisha, akampima: haikufika hata tatu. Akamnywesha maji ya sukari mbiombio. Sukari ileile tuliyomnyima miaka yote ndiyo iliyomrudisha.

Alipotulia, Baba akaangalia kipimo cha asubuhi kwenye mashine. "Mama, umedokoa visheti!"

"Wallahi sijaonja, mwanangu."

"Kwa hiyo mashine ndiyo inasema uongo? Karai hili lisahau, hupiki tena visheti. Kesho nampa Shangazi."

Uani mwanamke mmoja akadakia, "Bibi, utamu umekushinda!" Wakacheka. Bibi akainamisha kichwa kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mie nilificha kosa, aliyeumbuka akawa yeye.

Sasa nipo kidato cha nne, nanawisha bila kukumbushwa, na Bibi anakula kidogo kidogo kwa saa zake. Lakini kile kichwa kilivyoinama sijakisahau hadi leo.

Asubuhi iliyofuata Jumamosi ile, Baba alikuwa ameshika karai, anatoka. Nikaleta mashine. Nikachovya kidole changu kwenye shira iliyobaki, nikakifuta kwa khanga, nikajichoma mbele yake. Kumi na sita.

"We, umekula nini?" akashtuka.

"Sijala kitu, Baba. Hata Bibi hakula. Mie ndiye sikumnawisha."

Akaliweka karai chini taratibu. Sikungoja aseme. Kabla haya haijanirudia, nikatoka kwenda uani walikorudi wale wanawake wa harusi, nikawaamkia, nikawasimulia yote.