Siku Tano za Nambari Saba

Siku ile chumbani mlikuwa na watu watano: bwana wa barabara, yaani Mzungu aliyekisimamia kivuko chetu cha Garsen; karani wake; nyapara wetu; mwenzangu wa kwenye kamba, aliyeitwa nambari nane; na mimi, nambari saba. Mdogo wangu wa kike alikuwapo pia, lakini aliambiwa asubiri nje ya dirisha, kwa hiyo sijui kama nimhesabu.

Kivuko kilivutwa kwa mikono. Tulikuwa wanane, tukikokota kamba kutoka ukingo hadi ukingo na lori likiwa juu ya mbao nyuma yetu. Kila mtu alikuwa na kadi ya vyumba thelathini. Siku uliyofanya kazi, chumba kimoja kilitiwa alama. Kadi ikijaa, unalipwa. Isiyojaa haikuwa na thamani yoyote. Yangu ilikuwa na alama kumi na nane nilipougua, na nyumbani nilikuwa na wadogo watatu wa kulisha. Mama alipomfuata baba kaburini nilikuwa darasa la tatu. Sikurudi shule tena.

Homa ilinishika Jumatatu alfajiri. Wadogo zangu wakanilaza ndani ya mtumbwi, wakanivusha hadi dispensari ya ng'ambo, nikakaa huko mpaka Jumamosi jioni. Dresa, mganga msaidizi wa pale, alinipa karatasi yenye muhuri, siku zote sita zimeandikwa. Nilipoitwa mbele ya bwana Jumatatu iliyofuata sikuwa na hofu, maana karatasi ilikuwa mfukoni. Mgonjwa mwenye karatasi hakunyang'anywa kadi; alikosa tu alama za siku zile.

Karani akafungua daftari la nyapara.

"Nambari saba. Jumatatu, yupo. Jumanne, yupo. Jumatano, yupo."

Nilidhani amekosea mstari. Nikamtazama nyapara; nyapara alikuwa akitazama makuti ya paa.

"Alhamisi, yupo. Ijumaa, yupo. Jumamosi, hayupo. Siku hiyo bwana mwenyewe alihesabu vichwa, vikawa saba."

"Jumamosi ulikuwa wapi?" bwana akaniuliza.

"Nilikuwa mgonjwa, bwana."

"Ijumaa umevuta kamba. Leo umesimama hapa, mzima. Karani, ugonjwa wa siku moja unaitwaje?"

"Unaitwa mnazi, bwana."

Wakacheka. Nyapara alicheka kuliko wote, ingawa alinijua kuwa sinywi.

Nikatia mkono mfukoni. Kichwa kilikuwa bado chepesi kwa homa, na kwa kitambo nilijiuliza kama kweli nilikuwa kazini wiki nzima nikasahau. Ndipo nikamwona nambari nane. Hakunitazama. Alikuwa ameinamia viganja vyake, na viganja vilikuwa vimechunika, vyekundu kama nyama ya buchani. Sikuelewa. Nilichojua ni kwamba karatasi ile ikifunguliwa, daftari litakuwa limesema uongo, na kuna mtu atafukuzwa kwa ajili yake.

"Una karatasi ya daktari?"

Ilikuwa katikati ya vidole vyangu.

"Sina, bwana."

Karani akapiga mstari mwekundu juu ya kadi yangu yote. Nikaambiwa nianze mpya, na nikikosa tena hata siku moja, nisirudi.

Nje, nambari nane alinivuta kando.

"Nyapara huita alfajiri, macho yamo daftarini. Saba niliitikia nikikohoa, nane nikaitikia nikiwa mzima. Nilidhani ni siku moja tu, kijana wangu. Ya pili ningesema nini?"

"Na kamba, kaka?"

"Nafasi yako niliishika mimi. Wewe mzito! Na hata hukuwapo."

Alicheka peke yake, kisha akaacha.

Tulipofika migombani mdogo wangu akaniuliza.

"Kaka, karatasi si unayo?"

"Ningeitoa, yule angeonekana mwongo."

"Sasa mwongo ni wewe."

Mwezi ule tulikula ndizi na samaki, ndizi na samaki, mpaka mdogo wetu wa mwisho akawa analia akiona ndizi. Nilivuta kamba nikihesabu upya kutoka moja, nambari nane akiwa ubavuni pangu, nisijue nimkasirikie au nimshukuru. Kama asingeniitikia, ningepoteza alama za siku sita tu. Kwa wema wake nilipoteza kadi nzima. Lakini viganja vilivyochunika vilikuwa vyake, na kwa siku tano alivuta mto kwa ajili ya wadogo zangu bila kuombwa na mtu. Sikujua kama alijua ninalolifikiria. Na nyapara je, kweli hakuisikia sauti ile moja mara mbili? Hakuwahi kuniambia.

Mwishowe niliona afadhali nimlipe zile siku tano kuliko kuendelea kupiga hesabu. Nambari nane alikuwa na shamba la mpunga kando ya mto. Nikawa nafika jioni baada ya kamba, na jembe langu. Jioni mbili nikizihesabu siku moja. Hakuniuliza, wala hakunizuia. Nilifikisha siku tatu. Kisha maji yakapanda, yakalifunika shamba, na yaliposhuka alikuwa amemchukua mkewe wakahamia kwa wakwe zake, upande wa Kipini.

Siku mbili zingali kwangu.